Fuata ya Chini

Kioo cha mama kilikuwa kirefu kama mtu mzima, na siku ile kilishushwa ngazi kama bibi harusi: polepole, kikishikwa huku na huku, na kila aliyekuwa karibu akitoa amri.

"Kwako, kwako," alisema seremala wa jirani, aliyeshika juu.

"Kwangu kuna ukuta," alijibu Fundi Rangi, aliyeshika chini.

"Basi kwangu."

"Kwako kuna mama."

Mama alikuwa amesimama katikati ya ngazi kwa sababu aliona hakuna kati yao anayejua kubeba. Goti lake moja lilikuwa limegoma tangu mwaka jana, macho nayo yakafuata mkumbo. Sindano ilipoanza kupita pembeni ya mshono, aliifunika cherehani yake kwa shuka na kusema imetosha. Alikuwa ameshona tangu ujana, na muda wote huo kioo kile kilisimama mbele yake katika fremu ya mbao nyeusi. Wake kwa waume waligeuka mbele yake wakiambiwa "vuta pumzi", kisha "usivute sana, utakaa nayo kweli siku nzima?" Mama mwenyewe alifanya kazi akiwa ameupa mlango mgongo, pini zimejaa mdomoni, na bado alijua nani ameingia. Fundi Rangi alipokuwa mtoto aliamini kabisa kwamba mama yake ana macho kisogoni. Kila aliponyata nyuma yake kuelekea kwenye bakuli la sukari, sauti ilitoka katikati ya zile pini: "Rudi."

Sasa kioo kilikuwa kinahama. Dada yake Fundi Rangi, aliyerithi mikono ya mama, alikuwa amepanga chumba ng'ambo ya ghuba na angefungua kazi keshokutwa. Vioo vya siku hizi mama hakuvitaka hata kuvisikia. "Vinamfanya mtu aonekane kama amechemshwa," alisema. "Mteja akijiona hivyo, anailaumu nguo. Mpelekee mwanangu kioo changu."

Kusema ni rahisi. Barabara ya kuizunguka ghuba ilikuwa imekwisha. Yalibaki mashimo yaliyounganishwa na lami. Seremala aliwahi kupakia kioo cha dirisha kwenye lori kwa njia ile, na alipenda kusimulia kwamba kiliondoka kioo kikafika sukari. Boti za injini zilikuwepo, lakini zile hukimbia kwa kurukaruka, na kila zikitua maji yanalia kama mtu amepigwa kofi. Ikabaki mashua ya tanga ya Kapteni.

Kapteni alikuwa mume wa dada. Ukapteni hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe siku aliyonunua mashua yake ndogo, na watu wakamwachia kwa kuchoka kubishana. Alikuwa akivusha vifurushi na abiria wawili watatu wasio na haraka, na kazi yake aliijua. Shida ni kwamba wiki mbili nyuma alipanda kwenye paa la mama mkwe wake kuziba mfereji unaovuja, akateleza, na bega la kulia likatoka mahali pake. Daktari alilirudisha, akamfunga mkono shingoni, akamkataza kuvuta au kusukuma chochote. Tangu hapo alikuwa analala kwa mama mkwe, akilishwa vizuri na kulalamika kidogo, huku mkewe akiandaa chumba kule ng'ambo.

"Basi nani atashika usukani?" seremala aliuliza walipokiweka kioo chini, kivulini mbele ya nyumba.

"Mimi," alisema Fundi Rangi.

Seremala alimtazama Kapteni. Kapteni alitazama mbingu.

Ni lazima ieleweke kwamba Fundi Rangi hakuwa mtu wa kutiliwa shaka kimyakimya. Kwenye maduka ya mji ule, kila mstari uliokaa chini ya jina la duka na ukanyooka kama uzi uliovutwa, ulikuwa wake, na aliuchora bila rula wala utepe. Akiulizwa siri, alijibu kwa majivuno yaliyostahili: usitazame brashi, tazama inakokwenda. Lakini majini, alikoanza kujifunza mwanzoni mwa mwaka katika siku za mapumziko za Kapteni, mkono ule ule ulimwaibisha. Mashua ikitembea huacha mkia wa povu nyuma yake, na mkia wa Fundi Rangi ulikuwa na kona. Wachuuzi wa gatini walikuja kutazama.

"Shemeji," Kapteni alimwambia siku moja, "maji haya hayana kona hata moja. Wewe umezipata wapi zote?"

"Upepo unanisukuma."

"Upepo unanisukuma na mimi. Hebu tazama nyuma. Umeandika herufi gani pale?"

Alipogeuka kutazama, mkono uligeuka naye, na herufi ikaongezeka mkia.

Ndiyo sababu seremala alimtazama Kapteni, na Kapteni akatazama mbingu. Hatimaye alishusha macho. "Anaweza," alisema. "Akinyamaza na kusikiliza, anaweza."

"Na mimi nakuja," mama alisema.

"Mama, goti lako."

"Goti langu nitalikalia. Kioo changu hakisafiri peke yake."

Walikipakia asubuhi, maji yakiwa bado hayajachafuka. Seremala alisimamia kila kitu. Kioo hakilazwi, alisema; kikilazwa, mtikisiko mmoja tu unakivunja kwa uzito wake chenyewe. Kikasimamishwa kwa ubavu wake mrefu juu ya godoro, kikakingama mashua kutoka ukingo hadi ukingo, kikaegemea mlingoti, kimeinama nyuma kidogo. Wakakifunika blanketi na kukifunga kamba. Upepo ungekuja kutoka kushoto, kwa hiyo ungekipita kwa ubapa bila kupata pa kusukuma. Kapteni alikaa mbele ya mlingoti, upande wa mgongo wa kioo, ameishika fremu kwa mkono wake mzima. Mama alikaa upande wa nyuma, mkono juu ya blanketi. Fundi Rangi alikaa mwisho kabisa, kwenye ukingo wa kushoto, na mkono wa usukani ukamlalia kiganjani.

"Jambo moja," Kapteni alisema kutoka upande wa pili wa kioo, asionekane, kama padri kwenye kitubio. "Tanga liko kulia, na litabaki kulia mpaka tufike. Ukiipotosha mashua hadi tanga livuke kuja kushoto, litapita na kioo. Leo hatugeuzi, hatuzunguki. Ni mstari mmoja."

"Mstari ni kazi yangu."

"Hiyo kazi yako haina mawimbi, shem."

Wakaondoka.

Mwanzoni ilikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Alikumbuka yote aliyoambiwa kwa miezi mingi, na kwa mara ya kwanza hakuyachukia. Usukani ushike kama unavyoshika yai, siyo kama unavyoshika mwizi. Mashua ikipotoka, irekebishe kidogo, kisha ngoja; ina uzito wake, inataka muda wa kusikia. Mtu asiyengoja huongeza, na akiongeza hupitiliza, akipitiliza hurudisha, na hapo ndipo kona zinapozaliwa. Sikiliza upepo kwa sikio: ukivuma sawasawa kwenye sikio la kushoto, uko sawa, ukihamia shavuni au kisogoni, umepotoka kabla macho hayajajua. Na usiitazame pua ya mashua. Pua inacheza muda wote, itakuchezesha na wewe.

Hilo la mwisho lilimchekesha peke yake. Miezi yote hiyo alikuwa akiambiwa usitazame brashi, na hakusikia kwa sababu aliyemwambia alikuwa shemeji yake.

Ng'ambo, juu ya kilima, tangi la maji lilionekana kama kikombe kilichosahauliwa juu ya meza. Alilielekea. Mama alikuwa kimya, ambayo kwa mama ilikuwa sifa kubwa.

"Uko macho, shem?" Kapteni aliuliza.

"Kuliko wewe."

"Sikiliza sasa, kabla hatujafika katikati. Tangi peke yake ni mwongo. Unalielekea, unaona unakwenda sawa, kumbe upepo unakuvuta kulia polepole. Pua bado inatazama tangi, lakini wewe unakwenda kwa kupinda. Mwisho unafika tangi likiwa mbele yako na Meno yakiwa chini yako."

Meno lilikuwa jina la miamba iliyokaa mbele ya gati la ng'ambo, upande wa kulia, mingine ikichungulia juu ya maji na mingine ikijificha. Upande wa kushoto kulikuwa na fungu la mchanga. Katikati palikuwa na mlango ambao mashua mbili hazikuweza kupita ubavu kwa ubavu.

"Kwa hiyo unahitaji alama mbili," Kapteni aliendelea. "Ya juu na ya chini. Tangi ndiyo ya juu. Ya chini ni ukuta. Zikisimama moja juu ya nyingine, uko kwenye mstari unaopita mlangoni. Ya chini ikikimbilia kushoto, nawe nenda kushoto mpaka zirudi kusimama pamoja. Ikikimbilia kulia, nenda kulia. Usifikiri. Fuata ya chini. Ni kama hapa nyumbani, mnara wa simu na ghala la barafu."

Hilo Fundi Rangi alilijua. Alikuwa amerudi gatini mara nyingi kwa kuutazama mnara wa simu ulioko juu ya kilima na paa jeupe la ghala la barafu lililoko chini yake, ufukweni. Ng'ambo tu ndiko hakuwahi kuendesha.

"Ukuta upi?" aliuliza.

"Ule mweupe. Chini ya tangi kabisa. Utauona sasa hivi, unang'aa kama jino."

Fundi Rangi alitazama. Chini ya tangi kulikuwa na kilima, na kilima kilikuwa na miti, na miti ilikuwa ya kijani mpaka majini. Alikunja macho.

"Huo ukuta," alisema taratibu, "una madirisha mawili ya bluu?"

"Ndiyo huo huo. Nyumba ile ile alikopanga mke wangu. Nilifurahi sana alipoipata. Nikamwambia, mke wangu, sasa kila siku nikiwa majini nitakuwa nakulenga wewe."

Maji yalipiga ubavu wa mashua, yakanyamaza, yakapiga tena.

"Shem?" Kapteni aliita.

"Nimeupaka rangi," alisema Fundi Rangi.

"Umeupaka nini?"

"Rangi. Juma lililopita. Nilikwenda kwa basi. Dada alitaka kukushtukiza, na mimi nilitaka kumpa zawadi ya mkono wangu. Nikaipiga mara mbili, juu hadi chini."

"Rangi gani?"

Alijua jibu, na alijua jinsi litakavyosikika. Alikuwa ameichanganya rangi ile mwenyewe kwa asubuhi nzima, akiilinganisha na jani alilolichuma nyuma ya nyumba ile ile, mpaka jani na rangi visitofautiane. Alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa, akaikunja mikono kifuani, akajisifu.

"Kijani," alisema. "Ya majani."

Kutoka nyuma ya kioo ilisikika pumzi ndefu. "Mji mzima una wapaka rangi wanaokosea," Kapteni alisema. "Mimi nikampata shemeji asiyekosea hata jani."

"Tugeuze turudi?" mama aliuliza.

"Haturudi, mama. Tukigeuza, tanga linavuka, na kioo ndiyo kwaheri." Sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kazini. "Shem, sikiliza. Huku mbele tumebaki na moja, na moja ni mwongo. Lakini za nyuma bado zipo. Mimi nikirudi nyumbani, naanzia mlangoni pale na kufuata mnara na ghala la barafu. Ni mstari ule ule, unavutwa tu kutoka upande wa pili. Geuka nyuma uniambie vimekaaje."

Fundi Rangi aligeuza shingo. Aliuona mnara, akaliona ghala, na kabla hajaelewa vimekaaje, upepo ukahama kutoka sikioni kwenda kisogoni. Mkono ulikuwa umefuata kichwa. Mashua ikapinda, tanga likatetemeka na kulegea kama linalofikiria kuvuka, na kioo kikaguna kwenye fremu yake.

"Rudisha," Kapteni alisema. "Taratibu. Ngoja. Sawa."

Fundi Rangi alirudisha.

"Ghala liko kulia ya mnara," alisema.

"Kulia ukiwa umegeuka au kulia ya mashua?"

"Nikiwa nimegeuka."

"Basi ni kushoto. Hapana, ngoja. Ukiwa umegeuka, kulia kwako ni... Ngoja nigeuke nitazame mwenyewe." Fremu ikasogea. Mama akaishika kwa mikono miwili.

"Mkwe, kaa," mama alisema. "Ukigeuka wewe, kioo kinageuka na wewe."

Kapteni akakaa. Tangi lilikuwa mbele yao palepale, tulivu, likidanganya. Kulia, bado kwa mbali, maji yalianza kuonyesha weupe mahali pasipostahili weupe. Fundi Rangi alijaribu kugeuka tena, safari hii akiushika usukani kwa nguvu zote, na mashua ikapinda vilevile, maana sasa aliushika kama mwizi. Aliona aibu iliyochanganyika na hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Kioo kilichovumilia miaka yote ya pini na watoto na wateja wanene waliokiegemea, yeye alikuwa anakipeleka kwenye mawe kwa sababu alichanganya kijani kizuri mno.

Katika kupinda kule mara mbili, kamba ya blanketi ilikuwa imelegea. Pembe moja ikachomoka na kuanza kupiga upepo, pa, pa, pa, karibu na uso wa mama. Mama hakuwa mtu wa kupigwa na blanketi. Alilishika, akalivuta lote, akalikalia.

Na kioo kikabaki wazi.

Fundi Rangi alijiona kwanza yeye mwenyewe: midomo imekazwa, jasho, macho ya mtu anayedaiwa. Kisha, juu ya bega la yule mtu, aliona ufuko wote wa nyumbani umesimama ndani ya fremu nyeusi. Aliuona mnara. Aliliona paa jeupe la ghala. Chini yake aliona mkia wa povu wa mashua yao, na ndani ya mkia zile kona mbili mpya, zikimtazama kama mashahidi.

Mama naye alikuwa akitazama kioo, kwa mazoea tu. Akamwona mwanawe anavyotaka kugeuza shingo mara ya tatu.

"Acha," alisema, kwa sauti ile ile ya bakuli la sukari. "Kwa nini unageuka? Mimi maisha yangu yote nimeutazama mlango humu ndani. Ukigeuza kichwa mkono unafuata, na pini inamwingia mtu. Tazama kioo, baba. Mkono uache na kazi yake."

Alitazama kioo. Mkono uliachwa na kazi yake.

"Ghala liko wapi?" Kapteni aliuliza.

"Kushoto ya mnara."

"Kwenye kioo?"

"Kwenye kioo."

Kapteni akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyepewa kitu asichokitarajia. "Humo kushoto ni kushoto ya mashua, shem. Kioo kimekugeuzia kila kitu, huna haja ya kugeuza chochote kichwani. Sheria ni ile ile. Fuata ya chini."

Akaifuata. Aliusogeza usukani kwa upana wa kidole, akangoja. Mashua ilifikiri, ikakubali. Ndani ya kioo, paa la ghala lilianza kutembea polepole kurudi chini ya mnara, kama mtoto aliyeitwa nyumbani. Lilipokaribia, alipunguza kabla halijafika, maana sasa alijua mashua haisimami papo hapo. Likafika. Likasimama. Mnara juu, ghala chini, kama herufi moja na nukta yake.

"Vimesimama," alisema.

"Vishikilie."

Kuanzia hapo kulikuwa na kazi tu, na kazi ilikuwa nzuri. Kila upepo ulipoongezeka, ghala liliteleza kushoto kwa unywele, naye alilifuata kwa unywele. Wimbi liliponyanyua mashua aliliacha linyanyue, hakupigana nalo, na lilipopita alikuta alama zake bado ziko pamoja. Nyuma yao, ndani ya kioo, mkia wa povu ulinyooka. Ulikuwa mrefu, mweupe, mwembamba, na hakuuchora kwa brashi yoyote. Alitaka sana kumwambia Kapteni autazame, na kwa mara ya kwanza alinyamaza bila kuambiwa.

Kapteni naye alitazama mbele na kusema anachokiona. "Meno kulia. Jiwe la kwanza limepita. Mchanga kushoto, uko mbali, uko sawa. La pili. Endelea hivyo. Usije mbele kuchungulia, shem, najua unatamani. Macho kwenye kioo."

Alitamani kweli. Kuingia mlango kwa kutazama ulikotoka ni jambo linalokataliwa na kila mshipa wa mwili. Alisikia maji yakifoka kwenye miamba karibu sana na sikio lake la kulia. Aliona mkono wa mama umeshika fremu, vidole vikiwa na alama ndogondogo za sindano za miaka yote, na mkono ule haukukaza. Mama alikuwa ameegemea, anatazama ghala la barafu likiwa limesimama chini ya mnara, kama anavyotazama pindo lililokaa sawa.

"Hapo," Fundi Rangi alisema kimoyomoyo, au pengine kwa sauti. "Hapo hapo."

Sauti ya miamba ikahamia nyuma. Maji yakalainika ghafla, yakawa kama yamepigwa pasi. Kapteni alisema "tumeingia", kisha akalisema tena kwa sauti ya chini, akikipiga kioo mgongoni kwa kiganja chake kizima, taratibu, kama mtu anayempongeza punda.

Dada alikuwa gatini, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Aliwahesabu watu kwa macho, kisha akakitazama kioo, kisha akamtazama mumewe aliyekuwa anatoka mashuani kwa mkono mmoja.

"Umeuona ukuta?" alimuuliza, uso wote ukiwa na furaha.

Kapteni alimtazama mkewe. Alimtazama shemeji yake. "Mke wangu," alisema, "sijawahi kuutafuta ukuta kwa hamu kama leo."

Fundi Rangi aliona dada yake hajaelewa, na aliona Kapteni hana mpango wa kueleza mpaka washibe. Hapo ndipo shukrani ilipomjaa, nyingi mno kwa mtu mmoja, ikawa haijui pa kutua. Alilishukuru blanketi kwa kulegea na godoro kwa kuvumilia. Alilishukuru ghala la barafu na mwenye wazo la kulipaka paa jeupe. Aliushukuru hata mnara wa simu, aliokuwa akiutukana kila siku kwa kukosa mtandao. Alimshukuru shemeji yake kwa kila mzaha alioumeza kwa miezi mingi, maana aligundua kwamba majini alikuwa amekumbuka mizaha kuliko mafundisho, na ndani ya kila mzaha fundisho lilikuwa limekaa.

Kioo kilipandishwa kwa mikono ya majirani hadi chumbani, kikasimamishwa mkabala na mlango. Mama alichagua mahali mwenyewe. Alikataa dirishani, akakataa kwenye kona, na mwishowe akasema hapa, nikiwa nimekaa hivi.

Baada ya kula, na baada ya Kapteni kusimulia yote huku dada akiwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, Fundi Rangi alitoka na kopo la rangi nyeupe lililokuwa limebaki chini ya ngazi. Alikwenda kwenye ukuta wake wa kijani, unaotazama maji. Dada alimfuata mbio.

"Mdogo wangu, hapana. Ukuta ule nimeupenda."

"Utaupenda zaidi. Ni mstari mmoja tu. Kutoka paani hadi chini, katikati ya madirisha, upana wa mlango."

"Wateja wataniuliza ni wa nini."

"Waambie ndiyo njia ya mume wako kurudi nyumbani."

Dada alifikiri. "Basi usiupinde," alisema, na akarudi ndani.

Aliuchora bila utepe. Hakuitazama brashi. Kapteni alikuja kusimama nyuma yake, mkono shingoni, akaukagua mstari juu hadi chini, tena na tena, mpaka Fundi Rangi akaanza kuwa na wasiwasi.

"Una kona?" aliuliza bila kugeuka.

"Natafuta," alisema Kapteni. "Sijaipata."

Mstari ulipokauka, Fundi Rangi alikwenda chumbani. Mama alikuwa amekaa peke yake mbele ya kioo, ameupa mlango mgongo, goti limenyooshwa juu ya kigoda. Alikuwa anakunja kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa. Fundi Rangi alisimama kizingitini, akavuta pumzi, kisha akaanza kunyata.

"Nimekuona," mama alisema.

Alisimama. Ndani ya kioo macho yao yalikutana, yake na ya mama, kama yalivyokutana mara nyingi katika chumba cha zamani, isipokuwa safari hii hakukuwa na bakuli la sukari.

"Nimekuja kushukuru, mama," alisema.

"Najua," mama alisema, akiendelea kukunja kitambaa chake. "Lakini vua viatu kwanza. Vina rangi."